Shilingi Juu ya Bawa

Mjomba alitia mkono mfukoni, akatoa shilingi ishirini, akachutama ubavuni mwa boti. Ilikuwa boti ya faiba, imepandishwa juu ya magogo pale kwenye mkono wa bahari wa Kilifi, maji yametoka, na wenyewe wanataka kuiziba kabla bamvua haijarudi. Akaanza kuigonga. Aligonga polepole mno, nusu inchi hapa, nusu inchi pale, ukingo wa sarafu ukigusa na kuondoka kama mdomo wa kuku anayedonoa mtama. Ti. Ti. Ti. Ti. Alipokaribia mkuku sauti ikabadilika: tu. Akarudi nyuma, ti. Akasogea, tu. Akaokota kipande cha mkaa, akachora duara mahali pale, kisha akaendelea kugonga kama vile hakuna lililotokea.

"Hapano pameachana," alimwambia mwenye boti. "Kwa nje waiona nzima, lakini ndani tabaka zishaachana."

Fundi wa boti alikuwa akitafuta ufa kwa macho tangu alfajiri. Aliinama, akaligonga duara kwa kucha ya kidole gumba, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Nilimwuliza mjomba alikojifunza jambo lile, maana hakuwahi kuunda chombo maishani mwake.

"Kwenye mapanga ya helikopta, mwanangu," alisema, na kuirudisha shilingi yake mfukoni.

Mjomba ni mtu wa Takaungu. Kwa miaka ishirini na ushei alikuwa fundi wa ndege katika jeshi la anga la Kenya. Aliingia katikati ya miaka ya themanini, wakati jeshi hilo lilikuwa halina hata jina lake. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, jeshi la anga lilivunjwa, likajengwa upya chini ya jeshi la nchi kavu, na kwa muda wa miaka kumi na kitu likaitwa 82 Air Force. Jina la zamani, lile lililoanza nalo tarehe 1 Juni 1964, lilirudishwa mwaka 1994. Mjomba hapendi kuyazungumza sana mambo ya siasa ya wakati ule. Anachokumbuka yeye ni kwamba ndege hazikujua kama jina limebadilika. Bolti iliyolegea ililegea vilevile, na mafuta yaliyovuja yalivuja vilevile, na lazima mtu aamke saa kumi za alfajiri akayatazame.

Wengi wetu tunazijua ndege za jeshi siku za sikukuu tu. Zinapita juu ya uwanja zimejipanga, rais amesimama, watoto wameziba masikio, na mtangazaji anazitaja majina kwa sauti ya juu. Hapo sifa zote huenda kwa mbio na ngurumo. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa namna hiyo. Nilipenda F-5, zile ndege nyembamba za kivita zilizoanza kufika Kenya mwaka 1978, zenye pua kama chuchunge na mabawa mafupi hata ukashangaa zinashikwa na nini huko juu. Nilidhani utukufu wa ndege uko kwenye kasi yake. Imenichukua miaka mingi, na jioni nyingi za kukaa na mjomba barazani, kuuona utukufu huo ulipo: kwenye vidole vya mtu aliyejifungia ndani ya mkia, tochi mdomoni, anatazama kitu ambacho hakuna raia atakayekiona milele.

Huku Malindi na Kilifi hatuna kituo cha jeshi la anga. Makao yake makubwa ni Eastleigh, Nairobi, na Nanyuki kule Laikipia. Sisi tunaona wapita njia: helikopta inayofuata ukanda wa pwani kwenda Lamu, ndege ya mizigo iliyo juu kiasi cha kuonekana kama kisu. Hata hivyo mji wetu unazijua ndege za vita kuliko miji mingi ya nchi hii, na kwa njia ya uchungu. Oktoba 1940, Italia ikiwa imeishika Somalia na Ethiopia, mabomu yake ya ndege yaliangukia Malindi. Ulikuwa mji wa wavuvi, wakulima na wauza nguo. Leo ndege kubwa ya mizigo ya jeshi letu, C-27J Spartan, inaundwa Italia, na vijana wengi wa Malindi wanaongea Kiitaliano. Dunia inapinduka, na mafundi wanabaki wakisoma vitabu vya maelekezo vya yule aliyekuwa adui wa babu zao.

Kuna jambo jingine linalotufanya sisi wa pwani kuwa karibu na kazi hii, nalo limo ndani ya lugha yetu. Mwendesha ndege tunamwita rubani. Neno hilo halikuzaliwa kwenye uwanja wa ndege. Rubani alikuwa mtu wa bahari, mjuzi wa njia, ajuaye miamba, nyota na mikondo, anayepanda chomboni kumwongoza nahodha mahali asipopajua. Aprili 1498 Vasco da Gama alipotia nanga Malindi, alichokuwa akikitafuta kupita dhahabu ni rubani, na mfalme wa Malindi akampa mmoja. Waling'oa nanga tarehe 24, kusi ikiwa ndiyo inaanza kuvuma, na kabla mwezi mmoja haujapita wakaiona nchi ya Kalikut. Ndege zilipokuja karne nne baadaye, Waswahili hawakuhangaika kutafuta neno. Walilitoa rubani baharini wakalipandisha hewani, na hivyo hivyo wakakiita kile anachokiendesha chombo.

Wala upepo haukubadilika. Ukiutazama uwanja wa ndege wa Malindi, barabara yake kuu ya kurukia imelala karibu kaskazini na kusini, na mwisho wake mmoja umeandikwa 17, mwingine 35. Namba hizo ni za dira, zimeondolewa sufuri ya mwisho: digrii 170 na digrii 350. Miezi ya kusi ndege hutua zikitokea kaskazini, upande wa Sabaki, pua ikiukabili upepo. Miezi ya kaskazi huja kutokea kusini, upande wa Watamu. Aliyeipima barabara ile alikuwa akiwaza kama nahodha anayepanga wakati wa safari ya Bara Hindi. Ila ndege, tofauti na jahazi, inataka upepo uupige uso wake inapoondoka na inapofika, na ubavuni haiupendi kabisa.

Katika ndege zote alizozishika, mjomba aliipenda moja. Si ile ya kasi. Ni Buffalo.

Ukitaka kumwona mzee anageuka kijana, mwulize habari za Buffalo. Iliundwa Kanada na kampuni ya de Havilland. Ndege nene, bawa lake limekaa juu ya mgongo, mkia umesimama kama herufi T, na nyuma ina mlango unaoteremka mpaka chini kama ulimi, gari likaingia lenyewe. Injini mbili, kila moja na nguvu ya farasi zaidi ya 3,000. Inabeba askari 41, au mizigo ya tani 8 hivi. Haikuwa na urembo wowote. Lakini ilikuwa na ujuzi mmoja ambao ndege za urembo hazina: iliweza kutua mahali ambapo mtu mwenye akili timamu angesita kupeleka basi.

Mjomba alinieleza jinsi ilivyofanya, akitumia kiganja chake. Ukingo wa nyuma wa bawa, karibu urefu wote, unateremka kwa vipande viwili, kimoja nyuma ya kingine, kama vidole vinavyokunjwa. Bawa lililokuwa bapa linageuka kuwa kikombe. Rafadha mbili kubwa mbele yake zinasukuma hewa kwa nguvu juu ya kikombe hicho, na hewa inalazimika kuinama kwenda chini. Hewa ikienda chini, ndege inashikwa juu, hata ikiwa inakwenda polepole kiasi cha kukutia hofu. Rubani huielekeza pua chini kama kozi aliyeona kifaranga, anaining'iniza hivyo mpaka karibu na ardhi, kisha anaiinua pua, magurudumu yanagusa, na rafadha zinageuza pembe zake kusukuma kinyume. Vumbi linatangulia mbele ya ndege. Likitulia, imesimama. Ikiwa na mzigo wa kadiri, iliweza kuiacha ardhi kwa mita 300 na kitu. Barabara ya kurukia ya Malindi, ambayo haifiki kilomita moja na nusu, kwa Buffalo ilikuwa kubwa kupita kiasi.

Ndiyo maana ilitumwa kaskazini. Wajir, Mandera, Moyale, viwanja vya murramu vyenye mbuzi, miaka ya njaa na miaka ya mafuriko. Na kila ilipotua namna ile, aliyelipia alikuwa fundi. Kutua kwa nguvu kunatikisa kila ribiti. Changarawe zinazorushwa na rafadha zinachanja tumbo la ndege. Vumbi la Wajir ni jembamba kama unga wa ngano, linaingia mahali ambapo hata maji hayaingii. Ndege ilirudi jioni, marubani wakaenda kuoga, na mafundi wakawasha taa.

Nilimwomba siku moja anionyeshe kitu kimoja tu cha kazi yake, kidogo, kinachoweza kukaa juu ya meza ya chai. Alifikiri. Kesho yake alikuja na bolti mbili zilizotobolewa vichwani, kipande cha ubao, waya mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, na plaisi.

Alizikaza bolti zote mbili ubaoni, zikiwa jirani. Akapitisha waya kwenye tundu la kichwa cha ya kwanza, akazishika ncha mbili, akaanza kuzisokota pamoja. Hakusokota ovyo. Misokoto ililala sawasawa, kama kamba ya minazi iliyosukwa na mtu mwenye subira, sita hadi nane kwa kila inchi. Ikipungua, waya unalegea. Ikizidi, chuma kinachoka na kukatika. Alipofika bolti ya pili akapitisha ncha moja tunduni, akasokota tena kidogo, akakata, na mkia uliobaki akaukunja kwa ndani.

"Mbona waukunja?" nikamwuliza.

"Ili fundi wa kesho asichomwe kidole."

Halafu akanifundisha siri yenyewe. Waya hauendi popote upendapo. Unaizunguka bolti kutoka upande ambao, bolti ikitaka kulegea, itauvuta waya, na waya utaivuta bolti ya pili kwenye kukaza. Kwa hiyo kila moja imemshika mwenziwe. Mtikisiko wa injini, ambao kwa saa chache ungeweza kuitoa nati yoyote duniani, unakuta bolti mbili zimepeana mikono. Nilijaribu mara tano. Mara nne niliufunga kinyume, na mjomba kila mara alitazama tu, akaukata, akanipa waya mwingine. Hakusema neno la kunivunja moyo. Aliniambia kwamba yeye alipokuwa kuruta alifunga ubaoni wiki mbili kabla ya kuruhusiwa kuigusa ndege, na kwamba ndani ya ndege moja mna waya za namna hiyo nyingi ajabu, na kila moja imefungwa na mkono wa mtu, na ikatazamwa na macho ya mtu wa pili, na wote wawili wakaweka sahihi kwenye daftari la ndege.

Lile jambo la sahihi ndilo lililonikaa moyoni. Sahihi ya fundi huwekwa kwa kalamu isiyofutika, na haina mwisho. Miaka kumi ikipita, ndege ikipata jambo, daftari litafunguliwa na jina lako litakuwa pale.

Kisha kuna ubao wa zana. Katika banda la ndege, kila spana, kila bisibisi, kila nyundo ina mahali pake ukutani, na nyuma yake pamechorwa umbo lake kwa rangi. Ukiitoa, kivuli chake kinabaki kinakukodolea macho. Jioni, kabla banda halijafungwa, vivuli vyote sharti viwe vimefunikwa. Kimoja kikibaki wazi, hakuna ndege inayoruka.

Katika kituo kimoja alikofanya kazi, kijana mmoja, fundi mgeni, aliona jioni kwamba soketi yake moja haipo. Kitu kidogo tu, ukubwa wa kokwa la ukwaju. Angeweza kununua nyingine mjini kesho yake, na nani angejua? Lakini alikwenda kwa mkubwa wake, miguu inatetemeka, akasema. Ndege tatu zilizoguswa siku ile zikazuiwa. Watu wakarudishwa kutoka chakulani. Walifungua vifuniko, wakapitisha vioo vidogo vya mkono na tochi kwenye pembe zote, wakapangusa, wakapapasa. Saa tisa za usiku mjomba mwenyewe aliihisi kwa ncha za vidole, imelala ndani ya mkia, chini ya nyaya zinazovuta usukani wa nyuma. Ndege ingeinua pua, soketi ingebingirika, ingejipachika kwenye puli. Asubuhi mkubwa aliwapanga mstari wote, akamwita yule kijana mbele. Kila mtu alidhani ataadhibiwa. Mkubwa alimpa mkono, akamshukuru mbele ya wenzake, akawaruhusu wakalale. Mjomba husimulia kisa hiki kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia habari za msikitini.

Nimesema kazi hii iko karibu nasi watu wa bahari, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa kuwa adui ni mmoja. Ni chumvi.

Yeyote aliyejenga nyumba Malindi anajua. Bati linalodumu miaka thelathini Nakuru, hapa halifiki kumi. Ndege ya jeshi ni alumini zaidi kuliko chuma, na alumini haishiki kutu nyekundu inayojitangaza. Inatoa unga mweupe, laini, unaoweza kudhani ni vumbi la chokaa, na chini ya unga huo bati limeshaanza kuliwa. Mahali pabaya zaidi ni pale ambapo madini mawili tofauti yamegusana, bolti ya chuma ndani ya ngozi ya alumini. Maji ya chumvi yakiingia kati yao, yanafanya kile kile yanachofanya ndani ya betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo helikopta iliyoshinda ikiruka chini chini juu ya bahari haiachwi ilale hivyo hivyo. Inaogeshwa kwa maji matamu, kuanzia juu, kwenye mapanga, kuja chini. Injini nayo inanyweshwa: inazungushwa bila kuwashwa na maji safi yanapulizwa ndani, kwa sababu punje za chumvi zinaganda kwenye vibawa vyake vidogo na kuinyima pumzi. Kisha inakaushwa, na viungo vinapakwa mafuta.

Babu yangu alikuwa na jahazi. Namkumbuka kila baada ya miezi kadhaa akilipandisha, akilikwangua, akiukalafati kila mshono kwa pamba na mafuta, juu akilipaka sifa mpaka mtaa mzima ukanuka papa, na chini ya mstari wa maji akilipiga deheni ya chokaa na shahamu. Tulikuwa watoto, tunaziba pua, tunacheka. Mjomba anasema alipofika jeshini na kuambiwa kwamba nusu ya kazi ya fundi wa ndege ni kuosha, kukausha na kupaka mafuta, wenzake wa bara walihuzunika, maana walikuja kufungua injini. Yeye hakuhuzunika. Alijiona yuko nyumbani.

Na kuna ndege iliyoziunganisha kazi hizi mbili kabisa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Kipevu, pale Mombasa, palikuwa makao ya Catalina, ndege zilizotua juu ya maji, za jeshi la anga la Uingereza. Bawa la Catalina moja lilikuwa na urefu wa mita 31 na zaidi, na tumbo lake lilikuwa mashua halisi, lenye mkuku na ngama. Zilikwenda kuzitafuta nyambizi katika Bahari ya Hindi, na safari moja iliweza kupita saa ishirini. Ribiti za tumbo zilikatika zilipogonga mawimbi, na mabaharia wake wa angani walikuwa na desturi ya kuziba matundu kwa penseli, wakazivunja zikabaki humo mpaka ndege ipandishwe pwani. Nikimfikiria yule kijana wa Kiingereza amepiga magoti ngamani, maji yanamrukia usoni, anakandamiza penseli kwenye tundu, namwona babu yangu na pamba yake. Wangeelewana bila mkalimani.

Sitaki mtu afikiri nazungumzia kazi isiyo na majeraha. Aprili 1992 Buffalo moja ilianguka Kaloleni, Nairobi, ikawaua wote waliokuwamo pamoja na watu waliokuwa majumbani mwao. Tarehe 18 Aprili 2024 tulimpoteza Jenerali Francis Ogolla, mkuu wa majeshi, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita tangu ujana wake, pamoja na wanajeshi wengine tisa, helikopta aina ya Huey ilipoanguka Elgeyo Marakwet. Siku ile mjomba hakula. Nilidhani analia kwa ajili ya jenerali, na kwa kweli alimlilia. Lakini usiku aliniambia kwamba kuna mtu mahali fulani, fundi, ambaye sasa hivi anapitia kichwani kila bolti aliyoigusa wiki ile. Anajua aliikaza. Anajua aliitia sahihi. Na bado anaipitia. "Hata ikiwa hana kosa," mjomba alisema, "atakuwa akiipitia akiwa na umri wangu mimi."

Huey mjomba anaijua kwa sikio. Mtoto wa mjini atakwambia helikopta zote ni kelele moja, lakini kaa Malindi mwaka mzima ukisikiliza utazitofautisha kama sauti za adhana. Zile ndogo za Hughes 500, zenye mapanga matano, zinalia kama nyuki aliyeingia chupani. Mi-171 ya Kirusi nayo ina matano, ila mazito, na sauti yake inakuja kama lori linalopanda mlima. Huey ina mapanga mawili tu, marefu, mapana, na kila moja linapopita linaipiga hewa kofi. Unaisikia ikiwa bado iko ng'ambo ya Mida: pwaa, pwaa, pwaa, na kioo cha kabati kinaitikia kabla hujaiona.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, kusi ikiwa kali, tulikuwa tunarudi kutoka Mombasa tukaisikia. Tulikuwa tumekaribia uwanja wa ndege, na mjomba akamwambia dereva asimamishe. Tuliposhuka ilikuwa imekwisha kutua, mapanga yanazunguka polepole kwa uzito wake yenyewe, kisha yakasimama. Tulijisogeza mpaka kwenye seng'enge, pamoja na watoto wawili wa madafu na mama mmoja aliyekuwa akisubiri matatu.

Wanajeshi waliteremka, wakaingia kwenye gari, wakaenda. Akabaki kijana mmoja aliyevaa suti ya kazi. Hakwenda kivulini. Alianzia puani, akaishika ndege kwa kiganja, akaifuata ubavu wake polepole, kiganja hakitoki, kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Alifika kwenye mkia akainama, akatazama chini yake, akasimama, akaitikisa rafadha ndogo ya nyuma, akaweka sikio. Mjomba, pembeni yangu, alikuwa akisema maneno kwa midomo bila sauti. Nilisogea nikasikia: "Sasa bawaba. Sasa kifuniko cha mafuta. Sasa nenda upande wa pili." Na kijana alikwenda upande wa pili.

Alipomaliza kuzunguka alikuta vidato ubavuni, akapanda juu ya paa. Pale juu, kwenye ncha ya mhimili, kuna nati moja kubwa inayoyashika mapanga yote mawili na, kwa hiyo, inaishika helikopta nzima na kila aliyemo. Askari wa Marekani kule Vietnam waliiita nati ya Yesu, kwa kuwa ikitoka hakuna mwingine wa kumwita. Kijana alipiga magoti, upepo wa kusi unampepea suti, mkono mmoja ameshika panga, mwingine ameuweka juu ya ile nati. Akaitazama. Akashuka vidato viwili, akasita.

Akapanda tena.

"Ahsante, mwanangu," mjomba alisema, ingawa kijana alikuwa mbali na upepo ulikuwa ukivuma kutoka kwake kuja kwetu. Matatu ya yule mama ilikuja, ikaondoka. Dereva wetu alipiga honi mara ya kwanza, mara ya pili. Mjomba hakugeuka. Alikuwa ameshika waya wa seng'enge kwa vidole vyote kumi, macho juu ya paa la ile ndege, akingoja kijana amalize kutazama.